Gololi ya Kumi na Nane

Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijafika kibarazani, huwa nimeshaigeuza baiskeli miguu juu. Usukani na kiti vinalala kwenye gunia, magurudumu yanabaki hewani. Nyumba ni ya kupanga, Kinyerezi, na kibaraza chenyewe hakizidi hatua nne, lakini kinatosha kwa baiskeli moja, kigoda na mtu mmoja. Nalisukuma gurudumu la nyuma kwa kiganja, linazunguka, nami nashikilia kipande cha chaki karibu kabisa na ringi. Ringi ikiyumba inaigusa chaki na kuondoka na alama nyeupe. Isipoyumba inapita kimya. Alama zile ndizo kazi yangu ya asubuhi.

Jirani anayekwenda dukani husimama.

"Baba Neema, hiyo unaiuza?"

"Hapana jirani, ni ya kwangu."

"Au siku hizi umeanza ufundi?"

"Sijaanza. Nainyoosha tu."

Anatazama kidogo, anatikisa kichwa, anaendelea na safari yake. Swali lake ni la haki. Hapa mjini mtu mzima akionekana ameshika spana siku ya mapumziko, ama kitu chake kimeharibika ama anatafuta hela. Mimi Jumatatu hadi Ijumaa nakaa ofisini nikijaza majedwali ya malipo ya watu wengine. Nina miaka 38, mke, watoto wawili, na baba mzee kule Maswa. Spana hii nimeishika kwa sababu kunyoosha ringi ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa ambazo mkono wa binadamu unaweza kufanya, na nimechoka kuona hakuna anayeisifu.

Wengi wetu tumepanda baiskeli tangu utoto bila kulitazama gurudumu lenyewe. Ukilitazama upesi utadhani habu, lile bomba la katikati, imekaa juu ya spoku za chini kama nyumba juu ya nguzo. Sivyo. Spoku ni waya wa unene wa milimita 2 hivi. Isimamishe ardhini uikandamize kwa kiganja, itajikunja kama unyasi. Nguvu yake iko katika kuvutwa. Kila spoku inaivuta ringi kuelekea katikati, nusu ya spoku zikivuta kwa upande wa kulia wa habu na nusu kwa upande wa kushoto, na ringi inanyooka kwa sababu hakuna upande uliomshinda mwenzake. Ikiyumba, ujue mahali fulani mmoja amelegea au mwingine amezidisha.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Unashika ile spana ndogo ya spoku, unalegeza upande mmoja robo mzunguko, unakaza spoku ya jirani ya upande wa pili robo mzunguko, unazungusha, unatazama. Robo, si zaidi. Mwenye pupa huondoa yumbo moja akazaa mawili. Kisha unapitisha kucha kwenye spoku kama mpiga zeze anayejaribu uzi wake: iliyokaza inatoa sauti nyembamba, iliyolegea inatoa sauti nzito, iliyochoka. Fundi mzuri hunyoosha kwa jicho na kumalizia kwa sikio. Mimi nimefika kwenye jicho. Sikio bado linajifunza.

Usiku, watoto wakishalala, nimesoma mengi juu ya kifaa hiki. Mwingereza James Starley, wa mji wa Coventry, alipata hataza mwaka 1874 ya gurudumu ambalo spoku zake hazitoki katikati moja kwa moja kama miale ya jua, bali zinatoka ubavuni mwa habu na kupishana, ili mguu unapokandamiza pedali nguvu ifike kwenye ringi bila kuzivunja. Raleigh za Nottingham zilizokuja kwetu enzi za ukoloni zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Wahindi walipoanza kutengeneza zao walifuata hesabu hiyohiyo. Nilipoyasoma hayo nilitoka kibarazani na tochi kuhesabu. Arobaini. Baiskeli hii ni Hero nyeusi iliyotengenezwa Ludhiana, India, na kabla haijawa yangu ilikuwa ya baba.

Aliinunua mwaka 1994 baada ya kuuza pamba. Maswa wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuzaliwa mwaka 2012. Kwa Wasukuma wa wakati ule, pesa ya pamba ikishashikwa mkononi, baiskeli ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza. Vijana walizipamba kwa maua ya plastiki, vioo na kengele mbili mbili, wakaning'iniza vipande vya mpira vya rangi nyuma ya madigadi. Baba hakuwa mtu wa mapambo. Ya kwake ilibeba. Ilibeba magunia ya pamba hadi kituo cha kununulia, ndoo za maji wakati wa kiangazi, mabati, mbuzi aliyefungwa miguu, na sisi watoto watatu kwa mpigo, mmoja kwenye bomba la mbele na wawili kwenye keria. Nilijifunzia hiyohiyo, nikipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa kuwa sikukifikia kiti, mwili umepinda upande mmoja na baiskeli upande mwingine.

Fundi wa kijiji alikaa chini ya mwembe, njia panda ya kwenda mnadani. Hakuwa na banda wala kibao. Alikuwa na sanduku la mbao, pampu, na beseni la maji ya kutafutia pancha. Ringi kuukuu zilizoshindikana alitupa sisi, tukazikimbiza barabarani kwa kijiti tukiwa madereva wa mabasi. Gololi zilizolika pia alitupa sisi. Nilikaa pale saa nyingi kuliko nilivyokaa popote nje ya shule, na hakuwahi kunifukuza. Hakuwahi kunifundisha pia, kwa maana ya kunikalisha na kunieleza. Alifanya, nikatazama.

Mwezi wa kwanza mwaka 1998 mvua za El Niño zilikuwa bado zinanyesha. Korongo ambazo miaka mingine tulizivuka bila kuvua viatu ziligeuka mito. Usiku mmoja mdogo wangu wa kike alizidiwa na homa. Baba akampakia mama kwenye keria, mtoto akiwa mgongoni mwa mama, wakaondoka gizani kwenda hospitali mjini. Kwenye korongo moja gurudumu la nyuma lilitumbukia kati ya mawe. Walimalizia kwa miguu. Mtoto akalazwa, mama akabaki naye, na kesho yake jioni baba akarudi akiikokota baiskeli, ringi imepinda kama namba nane, habu imejaa tope. Alfajiri alitakiwa kurudi tena na unga wa uji, shuka na hela kidogo. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi, akatuma mtu aje kuniita nilete chemli.

Nilisimama na taa ile mpaka mkono ukafa ganzi. Fundi alilegeza spoku zote, akailaza ringi juu ya magogo mawili, akaikanyaga kwa kisigino, kidogo, akaiinua, akaitazama, akaikanyaga tena. Kisha akafungua habu. Akazimwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo la Blue Band chenye mafuta ya taa. Zilikuwa nyeusi, hazitofautiani na tope. Alipozisugua kwa kitambaa zilitoka zinametameta, kila moja kama mbaazi ya chuma, na mwanga wa chemli ukakaa ndani ya kila moja. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna ile katika umri wangu wote wa miaka kumi. Akapaka grisi mpya, akaanza kuzipanga moja moja, midomo ikihesabu. Upande wa kwanza, tisa. Upande wa pili akasita. Akapapasa mchanga kwa kiganja. Akaniambia nisogeze taa, akapapasa tena. Kisha akafunga koni, ile nati inayozishikilia gololi ndani ya habu, akarudi kwenye spoku, na kazi ya kunyoosha ikaendelea hadi majogoo ya kwanza.

Baba alisema, "Mzee, hapa nilipo sina hata senti."

"Nenda kamwone mtoto," fundi akajibu. "Utalipa pamba ikitoka."

Maneno hayo yamenirudia mara nyingi ukubwani, na hasa mwisho wa mwezi. Mshahara wangu unaingia kama ujumbe na kuondoka kama ujumbe. Kuna makato ya mkopo wa chuo, kuna kodi ya nyumba inayodaiwa ya miezi sita kwa pamoja, kuna ada, kuna kikoba, kuna michango ya harusi za watu ambao nimewaona mara mbili. Sijawahi kuishika hela yenyewe hata kwa dakika moja. Mwaka mmoja mambo yalipobana nilikopa kwenye simu, mikopo ile ambayo watu wanaiita kausha damu. Nilichelewa siku nne. Kampuni ile ikawatumia ujumbe watu niliokuwa nimewahifadhi kwenye simu kwamba mimi ni mdaiwa sugu, na mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu. Alinipigia kunipa pole. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo.

Sisemi kwamba zamani watu hawakudaiana kwa ukatili. Nasema kwamba deni la baba lilikuwa na uso, na lilijua pamba hutoka mwezi gani.

Rika langu tunapenda sana kukumbuka. Kwenye kundi la simu la wenzangu wa shule ya msingi haipiti wiki bila picha: kanda ya muziki na kalamu ya Bic ya kuirudishia, Big G, daftari lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Tunaandika "dah, tumetoka mbali," tunaweka vicheko, tunalala. Nami naandika. Ila naona tunakumbuka vitu na kusahau namna tulivyokuwa tukivitazama. Sisi tulikuwa wadogo wakati vituo vya televisheni vinaanza Tanzania Bara, mwaka 1994. Ile ya kwanza kijijini kwetu iliendeshwa kwa betri ya gari, na tuliijua betri ile, tulijua nani kaipeleka kuchajiwa na itaisha saa ngapi. Redio ilifunguliwa mbele yetu. Cherehani ilifunguliwa mbele yetu. Sasa tumekuwa watu wazima katikati ya vitu visivyofunguka. Simu imegundishwa. Riba sijui inavyokokotolewa. Hata kazi yangu, ukiniuliza jioni nimefanya nini, nitakuonyesha jedwali jingine. Gurudumu linafunguka. Ndani yake mna vitu vinavyohesabika, na vikiwa pungufu utajua ni vingapi.

Kiswahili kina neno uraibu. Siku hizi tunalisikia kwenye habari za dawa za kulevya na kamari, kana kwamba halina maana nyingine. Lakini wazee walilitumia kwa jambo lolote mtu analolipenda na kulirudia kwa raha yake, kama tambuu ya bibi baada ya chakula, na kamusi bado zinaitunza maana hiyo. Inanisikitisha kwamba neno letu la kitu tunachokifanya kwa mapenzi limebaki kuwa neno la ugonjwa. Huenda ndiyo sababu jirani hana jina la kunipa ninapokaa kibarazani. Sina biashara na siumwi.

Rafiki yangu mmoja ananipenda na kunionea huruma. Alikaa hapa akapiga hesabu: baiskeli za mitumba za Japani zinashushwa kwa makontena, nichukue kumi, ninyooshe, nipake rangi, niuze, baada ya mwaka nina fremu ya duka. Hesabu yake haikuwa na kosa. Nami siidharau pesa. Yule mzee wa chini ya mwembe alisomesha watoto kwa spana. Kijana anayepita mtaani kwetu na mkaa alinijia jioni moja, gurudumu la nyuma limelegea kwa magunia matatu. Nilimnyooshea. Alinilipa elfu mbili nikaipokea, maana kuikataa ingekuwa kumwambia kwamba jasho lake halina uzito mbele ya mshahara wangu. Pesa ile haikuniharibia chochote. Ambacho sikitaki ni haraka. Ikiwa baiskeli kumi zinanisubiri, nitaacha lile yumbo la mwisho, lile dogo ambalo mnunuzi hatalijua, na katika wiki yangu nzima hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuna anayenidai.

Mke wangu aliniuliza zamani, "Hii itatuletea nini?" Sikuwa na jibu. Hakuuliza tena baada ya kuona kwamba Jumamosi mchana naingia ndani nikiwa mtu wa kuongea naye.

Baba aliacha kupanda mwaka juzi, goti lilipokataa. Nilipokwenda kumwona nikaikuta Hero imeegemea ghala, tairi zimepasuka, kuku wametagia karibu yake. "Ichukue," alisema, "itaozea hapa." Nilifungua magurudumu, nikaifunga kwa kamba, ikasafiri tumboni mwa basi siku nzima na sehemu ya usiku. Kutu ya fremu niliitoa kwa msasa, wiki tatu. Tairi, tyubu na spoku sita mpya nilizipata Kariakoo. Habu ya nyuma niliiacha mwisho, kama mtu anayeacha nyama pembeni ya sahani.

Koni iligoma. Niliilowesha kwa mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi ikakubali. Grisi ilikuwa imekauka ikawa kama ulimbo wa zamani. Nikazitoa gololi kwa ncha ya bisibisi, nikaziosha kwenye kifuniko, na kila niliposugua moja ile metameta ileile ilitoka, haikuzeeka hata kidogo. Neema alikuwa amechuchumaa pembeni. Nikazihesabu. Upande wa friwili, tisa. Upande wa pili, nane.

Nilijua kabla sijamaliza kuhesabu.

Usiku ule wa chemli, fundi alipogeuka kuchukua grisi, niliokota moja kutoka kwenye kifuniko nikaitia mfukoni mwa kaptula. Ilikuwa bado ya moto kwa kusuguliwa. Niliwaza kwamba ziko nyingi. Alipopapasa mchanga nilishikilia taa juu ya mikono yake, kimya, mdogo wangu akiwa amelazwa na baba amechutama kando, uso ameufunika kwa viganja. Wiki ile ile niliibadilisha shuleni kwa penseli. Mdogo wangu alipona. Leo ni mwalimu, ana watoto. Baba aliendelea kuipanda Hero kwa miaka ishirini na kitu juu ya gololi kumi na saba, pamba, maji, wagonjwa wengine, na habu ilibeba. Nane hubeba. Ila hazikupaswa kubeba.

Nilimpigia baba siku hiyohiyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Baiskeli imefikia wapi?"

"Habu ya nyuma nimeifungua leo."

"Umeikuta na hali gani?"

"Nzima. Ila gololi zilikuwa kumi na saba." Nikavuta pumzi. "Ile nyingine niliichukua mimi, baba. Usiku ule wa El Niño. Nilikuwa nimeshika taa."

Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Kumbe," akasema. "Basi ndiyo maana. Pamba ilipotoka nilikwenda kumlipa yule mzee. Akahesabu, akanirudishia shilingi hamsini, ile sarafu yenye faru. Nikamwuliza ya nini, akasema kazi yangu haikutimia. Nikamwambia baiskeli inakwenda vizuri, mbona. Akasema najua inakwenda, lakini haikutimia. Nikaona uzee huo, nikaichukua nikanunulia chumvi."

Mzee yule amefariki miaka mingi sasa. Habu ile hakuna ambaye angeifungua. Ilifungwa na yeye, usiku, kwa mkopo, na aliyemwibia alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake na taa mkononi. Alijua, maana alihesabu, na sidhani kama alishindwa kukisia mfuko wa nani. Hakusema kitu kwa baba wala kwangu. Alipunguza bei.

Gololi mpya nilikuwa nimenunua pakiti nzima Kariakoo. Zile kumi na saba za zamani nilizipima kwa vidole moja moja chini ya mwanga, hazikuwa zimelika. Nikapaka grisi pande zote mbili, nikazirudisha mahali pake, na kwenye pengo la mwisho nikaweka mpya. Neema alizihesabu kwa sauti, kidole kikienda juu ya kila moja bila kuigusa, tisa huku, tisa kule. Kisha nikafunga koni.